Jina Ulilolisoma kwa Sauti

Baba,

Shikamoo. Nimeanza na hiyo kwa sababu ndivyo ulivyonilea, si kwa sababu hasira imeisha. Haijaisha. Nilidhani tukishakuzika kule Bukoba, katikati ya migomba yako, na matanga yakaisha, siku moja nitaamka nikute imeondoka yenyewe. Jumamosi iliyopita nilijua kwamba ilikuwa imelala tu.

Habari kwanza, maana hukupenda mtu aingie na maneno kabla ya habari. Mama hajambo, ila magoti. Amekataa katakata kurudi Bukoba kukaa karibu na kaburi lako. Anasema kule ulikupenda wewe, yeye anapenda maji ya bomba. Karakana yangu hapa Igoma inakwenda. Natengeneza mageti na magrili ya madirisha, na wateja wananiita fundi, wengine watu wazima kabisa. Halafu kuna hili: siku tuliyokupeleka nyumbani tulivuka Kigongo juu ya daraja. Maisha yako yote ulilalamikia foleni ya kivuko, ukitazama saa kila baada ya dakika tano, na siku tuliyovuka bila foleni ulikuwa ndani ya sanduku. Nililia pale darajani. Watu walidhani ni uchungu wa msiba. Nilikuwa nimekasirika kwamba hata hilo hukuliona, na kwamba umeondoka kabla sijakuuliza swali langu.

Swali langu unalijua. Miaka kumi tumekula sahani moja bila kulitaja. Leo ninaliandika, na wewe huwezi kunyanyuka ukasema unakwenda kufunga mlango.

Nilikuwa na miaka kumi na tano nilipoiba mtungi wa gesi wa Mama Sabina, jirani yetu. Niliiba, sikatai. Niliuficha nyuma ya choo chetu nikitafuta mnunuzi, wewe ukauona kabla jua halijazama. Hukunipiga. Afadhali ungenipiga. Uliningoja mpaka Jumapili, watu wanatoka misa ya kwanza, ukanitwisha mtungi kichwani tukatembea mtaa mzima, wewe mbele na koti lako la kijivu, mimi nyuma. Kila aliyeuliza ulimjibu. "Mwanangu ameiba, tunarudisha." Kwa Mama Sabina nilipiga magoti, nikamwamkia, nikaomba msamaha. Akalia yeye, akanipa maandazi. Tukirudi ukasema, "Samaki mkunje angali mbichi," na ulisema kama mtu aliyemaliza kazi yake.

Na kweli, Baba, sikuiba tena. Hapo ndipo panaponichoma. Dawa yako ilifanya kazi. Lakini asubuhi ile uliufundisha mtaa mzima jina la mwizi, na mtaa haukuwa na jina lingine.

Mwaka uliofuata wezi wakaanza kukata magrili na kubeba televisheni. Polisi walikuja, wakaandika, wakaondoka. Ndipo Mwenyekiti wa Mtaa akaitisha mkutano kwenye uwanja wa shule, ipigwe kura ya siri ya kutaja wahalifu. Utaratibu unaujua, lakini nataka uuone kama nilivyouona mimi. Kila mtu mzima anapewa kipande cha karatasi ya daftari. Anajitenga, anaandika jina la anayemshuku, anakunja, anatumbukiza kwenye ndoo ya rangi. Hakuna anayeulizwa ameona nini, wala lini. Kisha anatafutwa wa kusoma, na huyo lazima awe mtu asiyejua kudanganya.

Nani mwingine kama si wewe? Karani mstaafu wa ghala la pamba, mwenye miwani, anayesoma somo la kwanza kanisani bila kujikwaa hata kwenye yale majina magumu ya wafalme. Walikupigia makofi ulipopita mbele. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye nyasi na vijana wenzangu, na nilijivuna. Ndiyo, nilijivuna.

Ukakunjua karatasi ya kwanza. Ukasoma jina langu.

Sauti haikubadilika. Ya pili, jina langu. Ya tatu ilikuwa na jina la mtu mwingine, nikashusha pumzi. Halafu jina langu tena, na tena, na tena. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba karatasi nyingi ziliandikwa "mtoto wa karani" tu, na wewe ndiye uliyekuwa ukikamilisha: Deogratias, halafu jina la ukoo, ili pasiwe na utata! Sijui kama ulinitazama. Mimi nilikuwa nikitazama viatu vyako. Watu wale hawakuandika jina la mwizi, Baba. Waliandika jina walilokuwa nalo, na uliyewapa ni wewe.

Ungeweza kukohoa. Ungeweza kusema miwani ina vumbi. Ungeweza kusema karatasi hii haisomeki. Uongo mdogo tu, wa kitoto, ambao hata Mungu angegeukia pembeni asiusikie. Hukuwa nao. Kwenye mazishi yako walisimama mmoja baada ya mwingine kusema ulivyokuwa mkweli tangu ujana wako, na mimi nilisimama pale na koleo mkononi nikitamani kuwatupia udongo.

Sungusungu, walinzi wa mtaa, wakanifunga mikono kwa mpira wa baiskeli. Nilikuita. Nilikuita kama mtoto mdogo, mbele ya wasichana wa darasa langu. Tulipofika getini nikageuka, nikakuona unapanga viti vya plastiki, kimoja juu ya kingine, virudishwe parokiani vilikoazimwa.

Kusoma, basi, tuseme ulishikwa. Macho ya watu yalikuwa mengi, ukashindwa kurudi nyuma. Hilo naweza kulilazimisha likanyooka kichwani mwangu. Swali langu si hilo. Kwa nini hukunifuata?

Kituoni askari aliniuliza umri. Nikasema kumi na sita. Akasema, "Wote mnasema hivyo. Mzazi wako yuko wapi?" Nikasema anakuja. Tukangoja, kweli tulingoja, askari yule hakuwa mtu mbaya. Alipochoka akaandika kumi na tisa. Ndivyo nilivyopewa miaka mitatu ambayo sikuwa nimeiishi, na kwa miaka hiyo nikalala mahabusu na watu wazima miezi tisa. Mama alikuja kesho yake na cheti changu cha ubatizo. Wakataka cha kuzaliwa. Cha kuzaliwa kilikuwa kwenye sanduku lako na ufunguo ulikuwa mfukoni mwako, na Mama ameniambia ulichomjibu: "Sheria ifuate mkondo wake. Nikienda watasema karani anamlinda mwizi wake."

Sitakuandikia niliyoyaona mle ndani. Kuna mambo mtoto hamwambii baba yake, hata aliyekufa. Nitakwambia tu kwamba niliingia nikijua kuiba mtungi uliosahauliwa nje, nikatoka nikijua kufungua kitasa chochote cha mji huu. Walimu walikuwepo na walikuwa na muda. Kesi ikafutwa kwa kukosa shahidi, maana karatasi ya daftari haipandi kizimbani. Na wizi mtaani haukukoma hata wiki moja nilipokuwa ndani. Hakuna aliyekuja kusema samahani.

Msimu wa senene Mama aliniletea kopo. Nilipofungua tu nikajua nani aliyewachambua. Hakuna bawa, hakuna mguu, safi kama tulivyokuwa tukiwachambua mimi na wewe kwenye mkeka wa barazani, ukiniambia mwanamume mvivu anajulikana kwa senene wake. Niliwagawia wenzangu wote. Sikula hata mmoja. Nilikuwa nakutaka wewe, sikutaka senene wako.

Sasa nikwambie ya Jumamosi iliyopita.

Wiki mbili kabla, Mwenyekiti alikuja karakana. Yule yule. Alivaa kofia yake, akakaa kwenye benchi la wateja, akaanza mbali kama kawaida yake. Mzee ametutoka. Mtaa umepata pengo. Vijana wameharibika, maduka mawili yamevunjwa, bajaji zinang'olewa vifaa. Kutakuwa na kura. "Na msomaji, tumekaa tumeona ni wewe. Sauti ni ile ile ya marehemu."

Unaelewa walichokuwa wananipa? Miaka yote hii nimewatengenezea milango, na bado mama wa nyumba akiniachia ufunguo hunihesabu vidole kwa macho. Sasa walikuwa wanasema: yamekwisha, njoo usimame aliposimama baba yako. Wenyewe waliona ni heshima. Ningekataa, wangesema damu ya wizi haifi, anawatetea wenzake. Nilipomwambia Mama, alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Nikakubali. Nimekasirika na wewe, lakini sijisahau: mimi nilikubali.

Nilijua jina litakalotoka. Kila mtu alijua. Masanja, mtoto wa mwanamke anayeuza dagaa pale sokoni, ana miaka kumi na minne. Baba yake alikwenda kuchimba dhahabu upande wa Geita, hajarudi wala hajapiga simu. Miezi miwili iliyopita Masanja aliiba betri ya bajaji, akaiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Akapigwa, betri ikarudishwa, jina likabaki. Na yule aliyeinunua, mtu mzima mwenye mizani na geti nililomtengenezea kwa mikono yangu, alikuja mkutanoni Jumamosi akapewa karatasi ya kuandika. Mjumbe aliyeuza kiwanja kimoja kwa watu wawili naye alipewa. Sijawahi kusikia kura ya mtaa huu ikitaja mtu mwenye geti.

Ndoo ililetwa. Nikapita mbele, wakapiga makofi. Nilimwona Masanja amekaa ubavuni mwa mama yake, amevaa shati la shule ingawa ni Jumamosi, nadhani mama alimvalisha ili watu wakumbuke kwamba anasoma. Nikakunjua ya kwanza.

Nikaisoma, Baba. Nilikuwa nimejiapiza wiki mbili kwamba sitasoma, halafu mdomo ukafunguka wenyewe na jina likatoka, zima, safi, kutoka tumboni kama ulivyonifundisha nikiwa mdogo, nimesimama juu ya kigoda nikisoma gazeti lililofungiwa samaki. Jina la Masanja likafika mpaka ukutani mwa shule. Mtoto hakulia. Alitazama viatu vyangu.

Nilichukua ya pili. Ilikuwa wazi kabisa, herufi kubwa, za mtu aliyebonyeza kalamu. Nikasema, "Haisomeki." Nikaiweka mfukoni. Ya tatu, haisomeki. Ya nne. Watu wakaanza kucheka, mmoja akapiga kelele, "Fundi, cheche zimekumaliza macho!" Nikaendelea. Nilikuwa nikikusemesha wewe kila ninapofungua nyingine: unaona? Unaona jinsi inavyofanywa? Ni neno moja tu. Nilipofika ya tisa au ya kumi Mwenyekiti akaja akaichungulia begani kwangu.

"Mbona hii inasomeka?"

"Kwangu haisomeki."

"Deo, usituchezee. Wengi wape."

Akaninyang'anya ndoo, akasoma mwenyewe. Sitakudanganya kwamba niliokoa mtu. Hata bila zile za mfukoni mwangu, Masanja alikuwa juu ya wote. Sungusungu wakamshika. Mama yake akapiga yowe nililowahi kulisikia mara moja tu maishani, na aliyelipiga siku hiyo alikuwa Mama yetu. Watu wakaanza kunyanyuka, wanapangusa vumbi, wanaulizana habari za mvua. Mwenyekiti akaniambia bila kunitazama kwamba nimeliaibisha kaburi lako, kisha akasema angalau nisaidie viti.

Nikaviacha. Nilitoka getini nikawafuata, na mama yake Masanja nyuma yangu kandambili mkononi. Nilimwambia arudi nyumbani akatafute cheti cha kuzaliwa, akitafute mpaka kwenye godoro, kisha atukute. Mimi nikapanda pikipiki nikafika kituoni kabla yao. Nikasimama kaunta nikingoja waniletee mtoto.

Askari alikuwa kijana, mdogo kwangu. Alifungua kitabu, akamuuliza Masanja jina, akaandika. Halafu akanitazama.

"Na wewe ni nani yake?"

Ningeweza kusema jirani. Ndiyo ukweli. Jirani angeambiwa asubiri nje.

"Baba yake," nikasema.

Akanipima. "Una miaka mingapi wewe, uwe na mtoto huyu?"

"Ya kutosha. Yeye ana kumi na minne. Andika kumi na minne."

"Cheti?"

"Kinakuja. Andika kumi na minne, afande, tafadhali. Mimi nipo hapa, siendi popote."

Masanja alinigeukia, mdomo wazi. Hajawahi kuzungumza na mimi zaidi ya shikamoo. Askari alizungusha kalamu kidogo, kisha akaandika, na mimi niliinama juu ya kaunta nikamwangalia mpaka tarakimu ya pili ilipokamilika. Moja na nne. Nilishika ile kaunta kwa mikono miwili kwa sababu nilitaka kupiga kelele. Ilichukua muda gani? Hata chai haipoi. Umbali kutoka uwanja wa shule mpaka pale ni mwendo wa dakika kumi na tano kwa mguu, na wewe ulikuwa na miguu mizima, Baba, ulikuwa na koti, ulikuwa na ufunguo mfukoni.

Mama yake alifika na cheti kimekunjamana. Askari akakisoma, jina la baba si langu. Akanitazama tena, nikamtazama. Akakirudisha. Wakatupa mtoto kwa dhamana, kwa sharti kwamba Jumatatu hii inayokuja arudishwe, afisa ustawi wa jamii awepo, na mzazi awepo.

Nilimsimulia Mama yote jioni. Nilidhani atanigombeza kwa ile aibu ya mkutanoni. Badala yake akaniambia jambo ambalo nyote wawili mlinificha. Kwamba Jumapili iliyofuata ile kura iliyonitaja mimi, paroko alikuita usome kama kawaida, ukasema macho yamekuishia. Hukusoma tena kanisani mpaka umekufa. "Na macho yake yalikuwa mazima," Mama akasema. "Uzi kwenye sindano alikuwa ananitungia yeye."

Sasa unataka nifanye nini na hilo? Nilijua uliacha kusoma, nikadhani ni kwa kuona haya kuwa na mwana mahabusu. Miaka kumi nimelibeba hivyo. Kumbe ulijua. Ulijua ulichokifanya, ukajifunga mdomo mbele ya Mungu, na kwangu ukaja na kopo la senene kwa mkono wa mtu mwingine! Mungu hakulala mahabusu. Nililala mimi. Neno hilo lilikuwa langu, ulipaswa kunipa mimi, hata kwa kunong'ona, hata vibaya, hata siku moja kabla hujafa, ulipokuwa umenishika mkono pale hospitali ukaniuliza kama nimefunga karakana. Nilikaa nikingoja sentensi ifuatayo. Ukalala.

Nimeandika mpaka mkono unauma na bado sijamaliza kukukasirikia. Wateja wawili wamekwisha kuondoa kazi zao, wanasema watatafuta fundi mwenye macho. Waende. Mama Masanja amepita na bakuli la dagaa, ameliweka mezani akaondoka. Mtoto mwenyewe amekaa nje ya karakana tangu asubuhi, haingii wala haondoki. Sijui bado kama aliyavunja yale maduka. Sijamuuliza. Nikimuuliza akaniambia ndiyo, nitakwenda naye vile vile.

Pumzika, Baba. Hilo nakutakia kwa moyo wote, usidhani hasira imelila. Kusamehe sijaweza. Siku nikiweza nitavuka nije mwenyewe mpaka kwenye migomba nikuambie kwa mdomo, si kwa barua, na nitakaa hapo mpaka nihakikishe nimelisema lote. Naahidi. Lakini usinitazamie wiki hii wala ijayo. Jumatatu nina mtoto.

Mwanao,
Deo